Kaskazi ikianza: mwongozo kamili wa kumtunza mbwa wakati wa joto la Pwani

Kilikuwa kipimajoto cha bei rahisi, kile cha ukutani chenye mstari mwekundu. Nilikitundika kwa uzi ndani ya banda la mbwa wangu Bosi saa nane mchana, mwezi wa pili, hapa kwetu Goba, Dar es Salaam. Baada ya nusu saa nikakitoa: nyuzi 43. Nikakihamishia chini ya mwembe, hatua kumi tu kutoka hapo: nyuzi 33. Na banda hilo nililijenga mwenyewe kwa mbwembwe zote, bati jipya la msauzi, mbao zimebanana pande zote asinyeshewe, mlango mmoja mdogo unaotazama magharibi. Nilidhani nimemjengea nyumba, kumbe nimemjengea tanuri.

Kipimajoto nilikileta baada ya Bosi kunusurika kufa. Hayo nitayaeleza mbele. Kwanza tujipange, maana msimu wenyewe unajulikana: kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukiwa umeshika, Dar, Tanga, Mombasa na Unguja zote zinachemka. Wa Dodoma joto lenu kali huanza mapema, Oktoba na Novemba, kabla ya mvua. Mengi humu yatawafaa, ila kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo naanza nayo.

Hatua ya 1: Elewa mbwa anapoaje

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Vitezi vyake vya jasho viko kwenye nyayo, na msaada wake ni mdogo. Kinachompoza ni kuhema. Hewa inapita haraka juu ya ulimi na ndani ya pua, mate na majimaji yanageuka mvuke, na ule mvuke unaondoka na joto. Akiwa ametulia, mbwa hupumua kati ya mara 10 na 30 kwa dakika. Joto likimbana, anaweza kupita mara 200.

Sasa tazama Pwani. Nyuzi 32 za Dar si sawa na nyuzi 32 za Dodoma, kwa sababu hewa ya Dar imeshiba unyevu. Aliyewahi kuanika nguo kwenye korido isiyopitisha upepo anajua: jioni unazikuta mbichi vilevile. Ulimi wa mbwa ni nguo hiyohiyo. Atahema mpaka achoke, na mate hayakauki.

Ndiyo maana kwetu huku naweka upepo mbele ya kila kitu. Kivuli kisicho na upepo ni nusu ya msaada. Mtu anakwambia mbwa wake yuko salama kwa sababu yuko gereji, humo jua halifiki. Hewa nayo haifiki.

Hatua ya 2: Mjue uliye naye

Wenye pua fupi, yaani pug, bulldog na boxer, wako hatarini kuliko wote. Njia yao ya hewa imebanwa, kwa hiyo kule kuhema kwenyewe ni kazi nzito inayowaongezea joto. Kama unaye, mahali pake mchana ni ndani ya nyumba, kwenye sakafu ya vigae na feni inazunguka. Kama hujanunua bado na unaishi Pwani, fikiri mara mbili. Husky ndiyo sina la kusema. Juzijuzi nimemwona mmoja amefungwa getini saa saba mchana, manyoya yote yale, na mwenyewe anajisifia bei aliyomnunulia.

Rottweiler na boerboel wana miili mikubwa inayotunza joto. Wazee, watoto wa mbwa, wenye matatizo ya moyo na wanene nao ni wa kuangaliwa. Unene upime kwa mikono: pitisha viganja ubavuni bila kukandamiza. Usipozisikia mbavu, punguza ugali.

Mbwa wa kienyeji ana bahati yake. Mwili mwembamba, miguu mirefu, manyoya mafupi, na akiachiwa huru anajitafutia mwenyewe mahali pa baridi. Lakini ukimfunga mnyororo wa mita moja juani, atakufa kama wengine.

Kuna pia mbwa mgeni. Wengi tunanunua mbwa kutoka Arusha au Iringa, na mwili wake haujazoea. Wiki mbili tatu za kwanza usimpe mazoezi ya nguvu, na kama una nafasi ya kuchagua, mlete Juni au Julai, si Desemba.

Hatua ya 3: Rekebisha banda

Hapa ndipo pa kutumia pesa kama una pesa kidogo tu ya kutumia.

Anza na kivuli, na usikikadirie kwa macho ya asubuhi. Kivuli kinatembea. Chukua vijiti vitatu, uchomeke kimoja pale kivuli kinapoishia saa tatu asubuhi, kingine saa sita, cha mwisho saa tisa alasiri. Eneo linalobaki kwenye kivuli mara zote tatu ndilo la banda. Kwangu lilikuwa dogo sana, pembeni ya karo la kufulia chini ya mwembe, mahali ambapo nisingepafikiria kamwe.

Pili, paa. Bati tupu ni jiko. Huna haja ya kuling'oa. Weka mbao za fremu juu yake, uache nafasi ya sentimita kumi hivi, kisha tandaza makuti. Makuti yanabeba jua, na hewa inayopita kati ya makuti na bati inaliondoa joto kabla halijashuka. Fundi wangu alitumia kuti chache na misumari ya kuokoteza, kazi ya asubuhi moja. Nikarudisha kipimajoto kwa mtindo uleule: saa nane mchana, nyuzi 35. Siku zinatofautiana, najua, lakini nane nzima si mchezo.

Tatu, kuta. Ng'oa mbao upande unaoelekea upepo na upande wa pili yake, uweke nondo au wavu wa chuma. Upepo uingie huku utokee kule. Wakati wa kaskazi, upepo wa Pwani unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo banda lifunguke upande huo. Mvua za masika zikija na kusi, unateremsha turubai.

Kuna kitu tunachokisahau: ukuta wa uzio. Tunajenga ukuta wa tofali kimo cha mtu na nusu, tunaweka geti la bati lisilo na upenyo, halafu tunashangaa uwanja mzima umekuwa sufuria iliyofunikwa. Upepo unapita juu, kule kwenye madirisha ya ghorofani, na mbwa yuko chini. Kama bado unajenga, mwambie fundi aweke mistari miwili ya tofali za matundu karibu na usawa wa ardhi. Kama umeshamaliza, inua banda: jukwaa la nusu mita linasaidia kuliko unavyofikiri.

Sakafu ya saruji iliyo kivulini ni baridi, iache tupu. Godoro na mablanketi ya zamani yaondoe msimu huu, weka gunia la mkonge. Na akichimba shimo chini ya mti usimpige. Anatafuta udongo wa baridi. Mpe kona yake achimbe, maua yako yapone.

Mnyororo: kama huna jinsi, tandaza waya imara kati ya nguzo mbili na upitishe pete, ili mnyororo uteleze naye afuate kivuli na kufikia maji. Hakikisha hakuna kisiki wala nguzo katikati. Mbwa huzunguka, mnyororo unajisokota, na saa sita inamkuta amekwama juani, bakuli la maji liko mbele yake asilifikie.

Hatua ya 4: Maji

Mbwa huhitaji kama mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ya kawaida. Bosi ana kilo 32, kwa hiyo ni karibu lita mbili, na siku za kaskazi huongezeka sana. Kibakuli cha plastiki kinachojazwa asubuhi hakitoshi, na hata kingetosha, kufikia saa sita maji yake yako vuguvugu na mbwa hayataki.

Chombo bora nilichopata ni chungu cha udongo kilichokatika mdomo, kizito kiasi cha kutopinduliwa na kinachotunza ubaridi, kwa sababu udongo unavuja unyevu kidogokidogo na kupoa. Karai la chuma likikaa juani linaunguza. Weka vyombo viwili mahali tofauti. Kimoja kikimwagika, kingine kipo. Badilisha maji asubuhi, mchana na jioni, na ukisugue chombo. Maji yanayolala siku nyingi yanazaa viluwiluwi, na Dar tumeshapata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mbu wake anapenda maji safi yaliyotuama nyumbani kama hayo.

Nani atabadilisha maji mchana wewe ukiwa kazini? Hili ndilo swali gumu la nyumba nyingi za Pwani. Dada wa nyumbani kwetu ni Mwislamu kutoka Pangani, na hataki mate ya mbwa yamguse wala yaguse vyombo. Ana haki yake. Tukakubaliana: chombo cha mbwa ni cha mbwa tu, hakiingii jikoni, na maji yanamiminwa kwa kata yenye mpini mrefu bila kukishika. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha. Siku moja alinisimulia ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Tangu hapo chungu cha Bosi hakijawahi kukauka.

Barafu hazina ubaya. Zile barafu za mfuko wanazouza mtaani zinafaa sana, ila toa mfuko kwanza. Mbwa anameza nailoni bila kufikiri. Tikiti maji bila mbegu wala ganda, sawa, kipande kidogo. Zabibu usimpe hata moja.

Na embe! Desemba maembe yanaanguka usiku kucha, mbwa anakula yaliyoiva na kumeza kokwa. Kokwa linaweza kuziba utumbo, na hapo ni upasuaji. Ukimweka chini ya mwembe kama nilivyofanya mimi, okota maembe kila asubuhi kabla hajaamka kuyaokota yeye.

Hatua ya 5: Panga siku yake upya

Mtoe matembezi alfajiri, muwe mmerudi kabla ya saa moja. Jioni wengi wanakosea: jua likizama wanadhani joto limekwisha, kumbe lami bado inatoa moto. Bandika mgongo wa kiganja chako barabarani, uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Pita kwenye njia ya udongo au majani, au subiri hadi saa mbili usiku.

Mbwa wa ulinzi anafanya kazi usiku, kwa hiyo mchana ni wakati wake wa kulala, na usingizi wa banda la moto si usingizi. Mlinzi akilalamika kwamba siku hizi mbwa habweki usiku, kagua banda lake la mchana kabla hujatafuta mbwa mwingine.

Chakula mpe asubuhi na mapema na usiku, kwa sababu kusaga chakula nako kunazalisha joto. Akila kidogo kuliko kawaida msimu huu usishtuke, ilimradi anakunywa na ni mchangamfu. Ugali na dagaa wa asubuhi uliobaki mchana umwage. Unachacha haraka, na kuhara kunamkausha maji.

Hatua ya 6: Manyoya na kupe

German shepherd na wenzake wenye manyoya ya tabaka mbili usiwanyoe kipara. Tabaka la nje linakinga ngozi dhidi ya jua. Kinachotakiwa ni kuwachana kila siku mbili tatu ili manyoya laini ya ndani yaliyokufa yatoke na hewa ifike kwenye ngozi.

Kupe nao wanahusika na joto, kwa sababu wanaleta magonjwa ya homa. Mbwa mwenye homa ya kupe anahema, hana nguvu, hataki kula, na mwenye mbwa anasema "ni joto tu hili" hadi siku ya nne. Kama amelegea hata alfajiri wakati hewa ni nzuri, hilo si joto la nje. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie mbwa kwa kukisia.

Hatua ya 7: Gari

Usimwache ndani ya gari, hata ukishuka kununua vocha tu. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kwamba gari lililofungwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 ndani ya saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika dakika 30 za kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Fanya hesabu kwa siku ya Dar ya nyuzi 32.

Watoto wa mbwa wanaotumwa kwa basi wakiwa kwenye boksi: kataa wasiwekwe kwenye buti. Basi la usiku, boksi lenye matundu mengi, na mtu wa kuwapa maji njiani. Bila hayo, nenda ukawachukue mwenyewe.

Hatua ya 8: Joto likimzidi

Siku ile nilirudi saa tisa alasiri. Bosi amelala ubavu nje ya banda, ulimi umetoka mrefu na mwekundu kama nyama ya buchani, mate yanavutika kama mlenda wa bamia. Nikamwita. Sikio halikutikisika. Nikafanya kila mtu anachofanya: nikalowesha taulo kubwa, nikamfunika kama mtoto mwenye homa, nikampigia daktari.

"Toa taulo," ndilo jambo la kwanza alilosema.

Nililishika. Dakika tano hazijapita, na taulo lilikuwa la moto kama la kukandia. Maji yaliyonaswa kwenye kitambaa yalishapata joto la mwili, na kitambaa kinazuia upepo. Nilikuwa namfukiza.

Daktari akaniongoza hivi, nawe ukariri:

1. Mpeleke kivulini penye upepo, mvue kola na mkanda.
2. Mmwagie maji ya bomba mfululizo, mwili mzima, usisahau tumbo, makwapa na mapaja. Mpira wa bustani au ndoo na kopo. Ukiwa na beseni kubwa, muingize, kichwa kikiwa juu ya maji. Ni mzee au mgonjwa? Mmwagie tu, na maji yasiwe ya barafu.
3. Washa feni, au pepea kwa kipande cha boksi. Maji na upepo pamoja ndiyo dawa. Maji bila upepo huku Pwani yanachelewa sana.
4. Akiwa na fahamu na anaweza kuinua kichwa, msogezee maji anywe mwenyewe. Usimmiminie kinywani maji wala maziwa; yataingia kwenye mapafu.
5. Usimpe paracetamol, diclofenac wala dawa yoyote ya homa ya binadamu. Hii si homa, na dawa hizo zinaweza kumdhuru ini, figo na tumbo.
6. Pima joto kwa kipimajoto njia ya haja kubwa kama unacho. Mbwa mwenye afya ana nyuzi 38 hadi 39.2. Zikifika 41 ni hatari ya kifo. Ukimshusha hadi 39.5, acha kumwagia, maana ataendelea kupoa mwenyewe.
7. Kisha mpeleke hospitali ya mifugo, vioo vya gari vikiwa wazi au AC imewashwa. Mpoze kwanza, usafiri baadaye.

Tulimwagia maji karibu robo saa, mimi na ndoo, dada na feni kwenye waya wa kurefushia. Umeme ulikuwepo, bahati yetu. Kwa daktari alipimwa nyuzi 39.8. Akalazwa usiku mmoja na dripu.

Usingoje aanguke ndipo uamini. Dalili za mwanzo ni kuhema kwa kelele bila kutulia hata kivulini, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuzungukazunguka akitafuta pa kulala. Baadaye anayumba, anatapika au kuhara, wakati mwingine damu, ufizi unapauka, anapata degedege.

Angalia hapa jambo linaloua mbwa wengi mitaani. Mbwa anayetoka mate na kuyumba, watu wanapiga kelele "kichaa!" na mawe yanaanza. Ukiwa na kadi ya chanjo ya kila mwaka iliyo hai, unaweza kumtetea mbwa wako, na wewe mwenyewe unamhudumia bila hofu. Mbwa usiyemjua, au asiyechanjwa, usimguse kinywa. Mmwagie maji kwa mbali, mwite daktari wa mifugo. Akikuuma au mate yake yakiingia kwenye jeraha, osha kwa maji na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo.

Hata akiinuka na kutikisa mkia, mpeleke. Figo, ini na mfumo wa kuganda kwa damu vinaweza kuharibika kimyakimya, na madhara kujitokeza siku moja hadi tatu baadaye. Bosi alikojoa mkojo wa rangi ya chai kesho yake asubuhi. Kama ningemwacha nyumbani kwa kuwa "ameshapona", nisingeuona.

Namba ya daktari sasa nimeiandika kwa rangi ukutani, juu ya bomba, pale dada anapochota maji. Karibu yake nimetundika kile kipimajoto.